Kikopo cha Nyumba Namba Kumi na Saba

Usiku wa jana niliota kipima mionzi changu kimeomba likizo.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Mimi ni mtu wa fomu. Naitwa Elinihaki Mbwambo, nina miaka hamsini na miwili, na kazi yangu ni kupima mionzi iliyomo kwenye udongo, maji na nyumba za watu, ili ijulikane nani yuko salama na nani hayuko. Nikiota huwa naota mambo ya kawaida, kama kutafuta funguo. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza nayaeleza yalivyokuwa, bila kutia chumvi.

Naingia ofisini. Kipima mionzi kimeketi kwenye kiti changu, kimevaa tai. Kifaa hiki nimefanya nacho kazi miaka kumi na mmoja na hakijawahi kusema lolote zaidi ya tik. Penye mionzi kidogo kinasema tik, kinapumzika, kinasema tik. Penye mionzi mingi kinasema tiktiktiktik mpaka unakionea huruma. Leo kinakohoa kwanza.

"Mzee Mbwambo," kinasema, "naomba likizo."

"Ya siku ngapi?"

"Mpaka utakaponiuliza kuhusu nyumba namba kumi na saba."

"Nyumba namba kumi na saba iko sawa," nakijibu. "Bekereli thelathini na nane. Imeshaandikwa."

Kipima mionzi kinacheka. Kinacheka mpaka mfuniko wake unafunguka na betri zinadondoka mezani. Nazirudishia moja moja, nacho muda wote kinaendelea kucheka bila betri, jambo ambalo kitaalamu haliwezekani.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Kule milimani kwetu, kijiji cha Kirumbi, nyumba zimejengwa juu ya mwamba unaotoa gesi iitwayo radoni. Haina rangi, haina harufu, na haina adabu ya kubisha hodi. Inapanda kwenye nyufa za sakafu. Ikikuta dirisha wazi inaondoka zake, ikikuta limefungwa inakaa. Mtu akiivuta miaka mingi anaweza kupata saratani ya mapafu hata kama hajawahi kushika sigara. Tunaipima kwa bekereli, na bekereli moja ni chembe moja inayopasuka kila sekunde; kikomo chetu ni bekereli mia tatu kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Tuligawa vikopo vidogo vya plastiki vya kuipimia kwenye nyumba ishirini na nne, kila nyumba kikopo kimoja cha kutundika chumbani. Vikakaa siku tisini, tukavikusanya, tukavisoma. Nyumba iliyozidi kikomo itawekewa bomba la kuivuta gesi chini ya sakafu na kuitupa nje kabla haijaingia ndani. Isiyozidi inafutwa kwenye orodha.

Namba kumi na sita ilisoma mia sita na arobaini. Namba kumi na nane ilisoma mia saba na kumi. Kumi na saba iko katikati yao, mwamba uleule, fundi yuleyule, na ikasoma thelathini na nane. Humo anaishi mdogo wangu Naelijwa, na mumewe Kajiru, na mama mkwe wake, na kichanga cha kiume kilichozaliwa siku tisa zilizopita. Niliposoma thelathini na nane nilisema Mungu mkubwa. Sikujiuliza kitu. Nilifurahi kama mjinga, nikaandika, na ripoti nilitakiwa kuisaini leo saa tatu asubuhi.

Basi, turudi ndotoni.

Mlangoni kuna foleni ya ndizi. Zimevaa nguo za kanisani na zimesimama kwa urefu wao, fupi mbele, ndefu nyuma.

"Tumekuja kupimwa," inasema ndizi ya mbele, ndizi mtu mzima, yenye madoa. "Sisi nasi tuna mionzi. Tumesoma."

Hilo ni kweli. Ndizi zina mionzi kidogo sana inayotokana na potasiamu, na hata ukila mkungu mzima utaumwa tumbo tu. Nazieleza hivyo kwa upole. Ndizi zinakasirika.

"Kidogo kwa nani?" inafoka ile yenye madoa. "Sisi tumetoka mbali!"

Ya pili kwenye foleni inaanza kulia. Inasema imewaahidi ndugu zake kwenye mkungu kwamba haitarudi bila cheti. Nazipa vyeti zote. Sikuwa na namna, maana zilikuwa zimeshaanza kuiva kwa hasira.

Nikigeuka naona tangazo limebandikwa ukutani. KUANZIA LEO SHERIA YA NUSU-UHAI INAWAHUSU WATUMISHI WOTE. Sheria hiyo naifahamu vizuri, ni ya gesi. Ukifungia radoni kwenye chupa, baada ya siku nne kasoro hivi nusu yake inakuwa imekwisha. Baada ya nyingine nne, nusu ya ile nusu. Haina rufaa. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba ingeletwa kwetu na idara ya utumishi.

Mlango unafunguka, anaingia mkuu wangu wa kitengo, Bwana Senkoro. Ni nusu ya kushoto tu. Ana jicho moja, mkono mmoja na nusu ya masharubu, na anatembea vizuri kuliko siku zote.

"Mkuu, nusu nyingine iko wapi?" namuuliza.

"Imekwisha Alhamisi," anasema. "Mbwambo, saini ripoti kabla sijawa robo."

Ananipa kalamu. Ni nusu kalamu, upande wa wino. Nainama kusaini, na kipima mionzi kinasimama juu ya kiti na kusema, kwa sauti ya mtu aliyelisubiri neno hilo miaka kumi na mmoja, "Hapana!"

Ndizi zinavua kofia.

Sakafu inafanya ufa. Kwenye ufa anapanda mgeni, taratibu, kama mtu anayetoka bafuni kwake. Siwezi kukuambia alivaa nini kwa sababu hana rangi. Siwezi kukuambia alinukia nini kwa sababu hana harufu. Nilijua tu yupo kwa jinsi viti vilivyosogea kumpisha.

"Shikamoo, shemeji," anasema.

"Marahaba," najibu, kisha nashtuka. "Shemeji wa wapi?"

"Mimi ni Radoni. Naishi kwa dada yako. Kwa hiyo wewe ni shemeji yangu."

Mantiki yake haikuwa na kasoro, nikamvutia kiti. Alikuwa mzito, kiti kilizama hadi magotini. Akaanza kueleza ukoo wake, kama inavyopasa mtu anapojitambulisha kwa wakwe. Babu yake ni Urani, mzee wa mwambani, ana miaka mingi isiyohesabika na hana mpango wa kufa. Baba yake ni Radiamu, ana miaka elfu moja na mia sita na bado nusu yake ipo. Yeye mwenyewe hana bahati ya umri. Siku zake ni nne kasoro.

"Na watoto?" namuuliza, maana ndilo swali la kawaida.

"Watoto ninao," anasema, na sauti yake inabadilika. "Karibu kwenye msiba."

Ofisi imekuwa uwanja wenye turubai na viti vya plastiki, na mimi nimeshika daftari la ratiba. Mtoto wa kwanza, Poloni, anazaliwa mbele yangu. Ananiamkia, anaanza shule, anafaulu, anachumbia, anagombana na wakwe, anapatana nao, anafariki. Zimepita dakika tatu. Wajukuu wanasimama kusoma wasifu wake, na nao wanafariki katikati ya aya ya pili. Wajukuu wa wajukuu wanachukua karatasi kutoka mikononi mwao na kuendelea kusoma walipoishia.

"Huyu ajaye tulimpa jina," ananinong'oneza Radoni, "lakini jina lilikuwa refu kuliko maisha yake."

Nilicheka. Nakiri nilicheka msibani, na nilicheka sana, mpaka machozi, na waombolezaji wote wakacheka na kufa na kuzaliwa wengine na kucheka tena. Kwaya ilikuwa inaimba ubeti mmoja kwa vizazi kumi na viwili. Sijawahi kuhudhuria msiba wenye furaha namna ile.

"Watoto wenyewe ndio kazi," anaeleza Radoni, akijipangusa mahali ambapo pangekuwa na jicho. "Mimi mtu akinivuta, mara nyingi naingia na kutoka. Wao wananata. Wanakaa mapafuni, kila anayekufa anapiga teke la mwisho. Teke moja si kitu, shemeji. Lakini sisi ni wengi, na pale nyumbani tumepata mahali pazuri kweli."

"Nyumbani wapi?"

"Kwa Naelijwa."

Kicheko kikanikauka. Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia thelathini na nane, nikaitaja namba kwa herufi na kwa tarakimu.

"Thelathini na nane tuliisoma," anasema Radoni kwa heshima. "Tulicheka wote, kila aliyekuwemo chumbani."

Nageuka nimwite Bwana Senkoro, na niko Kirumbi, kwenye korido ya nyumba namba kumi na saba, viatu mkononi. Ni mchana, jua kali nje, lakini humu ndani mlango wa chumba cha mdogo wangu umezibwa kwa kanga mbili na blanketi. Hata tundu la ufunguo limetiwa pamba. Mama na mtoto wanafichwa baridi, ndivyo tunavyofanya kwetu, na mama mkwe wa Naelijwa, Mama Kajiru, ni mwanamke wa kufanya jambo na kulimaliza.

Nasogeza blanketi kwa kidole. Sikuingia. Kwetu mwanaume haingii chumba cha dada yake aliyeolewa, na niliona hakuna sababu ya kuvunja heshima kwa vile tu naota.

Chumba kimepangwa masanduku ya kioo kutoka sakafuni hadi darini, kila moja mita moja kwa mita moja kwa mita moja. Ndani ya kila sanduku wamejaa viumbe wadogo kama maharage, wamevaa fulana zenye namba, na kila mmoja anaruka mara moja kila sekunde. Hawaruki mara mbili. Hawakosi sekunde. Ni watu wa kazi kuliko sisi ofisini. Kitanda kiko katikati ya masanduku, na Naelijwa amelala juu yake, na mtoto amelala juu ya kifua chake, mdomo wazi.

Nilihesabu sanduku la karibu. Ndiyo kazi yangu. Wako mia sita na tisini na wawili, na wawili wanaandaliwa.

"Naelijwa!" naita.

Lakini kilichotoka mdomoni mwangu ni tik.

"Kaka?" anasema, akiinua kichwa. "Karibu! Una kwikwi?"

"Tik," namwambia. "Tik, tik, tik!" Nilikuwa namwambia fungua dirisha.

"Kunywa maji, kaka. Kunywa huku umeziba pua."

"Tiktiktiktiktik!"

Anacheka. Anamwonyesha mtoto mjomba wake anavyofanya. Mtoto anafumbua macho, ananitazama, anavuta pumzi ndefu, na naona viumbe saba wenye fulana wakiingia puani kwa mstari, wakipeana mikono. Nilipiga kelele za tik mpaka koo likaniuma. Niliogopa vibaya, ule woga wa kutoona pa kushika, na wao wawili wakaendelea kunifurahia kutoka kitandani.

Radoni yupo nyuma yangu. "Unaona tunavyopendwa," anasema. "Kule namba kumi na sita wanafungua dirisha kila asubuhi, tunatawanyika kama kuku. Hapa tunakaa."

Kikopo! Nikakumbuka kikopo. Kama humu wamejaa hivi, kikopo kilikuwa kikifanya nini siku tisini? Nachungulia ukutani juu ya kitanda, mahali nilipoagiza kitundikwe, kimo cha kichwa cha mtu, mbali na dirisha. Hakuna msumari. Hakuna hata tundu la msumari.

Ndipo ikanijia. Sikukitundika mimi. Siku ile nilifika na kikopo, na chumba ni cha dada yangu na mumewe, nikasimama koridoni kama nilivyosimama sasa, nikampa Mama Kajiru mkononi. Nyumba nyingine zote niliingia nikapiga msumari mwenyewe. Hii ya kwetu niliona haya. Nilimwambia, "Kitunze vizuri, mama," nikaenda kunywa chai.

"Yuko sebuleni," anasema Radoni. "Nenda umsalimie, ana maringo kidogo."

Sebule ina hewa na mwanga, dirisha liko wazi, pazia linacheza. Sanduku la kioo la huku lina viumbe thelathini na wanane tu, nafasi tele, wanaruka sekunde inapofika na katikati ya sekunde wanacheza karata. Sanduku limesimama sawasawa mbele ya kabati la vyombo. Na ndani ya kabati, nyuma ya kioo kilichofungwa kwa kufuli, katikati ya vikombe vya harusi, ameketi kikopo wangu. Ameketi juu ya kitambaa cheupe cha kufuma. Amevalishwa kingine kichwani.

"Wewe ni nani?" anauliza kikopo.

"Mimi ni Mbwambo. Nilikuleta hapa kupima hewa ya chumbani."

"Chumbani?" Anavitazama vikombe. "Jamani, mmesikia? Chumbani!"

Vikombe vinagongana kwa kicheko. Kimoja, kile chenye mdomo wa rangi ya zambarau, kinanieleza kwamba wao wako pale tangu harusi na hakuna mtu mwenye akili aliyewahi kuwapeleka chumbani, wala kuwatilia chai.

"Mimi ni mgeni rasmi," anaendelea kikopo. "Nina nembo. Kila Jumamosi napanguswa vumbi. Askofu alipopita nyumba hii alioneshwa mimi kwanza, kisha picha ya marehemu babu."

"Na hewa ya chumbani uliipima lini?"

Kitambaa kikamteleza kikopo kichwani, akakirudisha. Kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya kikopo cha kawaida.

"Sijawahi kuivuta, mzee. Hata siku moja. Nilikuwa nikisikia mtoto akilia kwa mbali."

Nilisimama pale nikiwa na viatu mkononi na aibu imenijaa hadi masikioni.

Mama Kajiru anatokea jikoni. Ndotoni amekuwa mkubwa, kilemba kinasugua dari, na mkononi ana ufunguo wa kabati wenye ukubwa wa mwiko. Najaribu kumwamkia na inatoka tik moja, ya heshima.

"Marahaba, mwanangu," anasema. "Umekuja kuangalia kitu chako? Kipo. Hakijachunika hata kidogo. Ulisema nikitunze, nimekitunza. Kitu cha serikali, kina nembo na namba, nikipigilie msumari juu ya kitanda kama kalenda ya mwaka jana? Nitaonekanaje?"

Kila alichosema kilikuwa kweli. Mimi ndiye niliyekaa koridoni.

Hapo mlango wa mbele unafunguliwa kwa teke dogo. Ni Bwana Senkoro, sasa ni robo, mkono na sikio, na nyuma yake ndizi zote na vyeti vyao vimetiwa fremu. Mkono unanyoosha ripoti. Sikio linasikiliza kama nasaini.

"Mashahidi tupo," inasema ndizi yenye madoa.

Nakimbilia dirisha la chumbani kwa nje. Dirisha lina misumari minne na linasoma gazeti.

"Naomba funguka," nalisihi, na ajabu safari hii maneno yanatoka.

"Jaza fomu," linasema dirisha.

Najaza fomu. Najaza haraka kuliko nilivyowahi kujaza fomu maishani. Jina, kijiji, sababu ya kufungua. Kwenye sababu naandika: hewa. Dirisha linaisoma, linageuza gazeti ukurasa wa michezo.

"Taarifa ya siku tisini," linasema.

"Mtoto ana siku tisa!"

"Basi hana haraka."

Nalivuta kwa kucha. Nalisukuma kwa bega. Nyuma yangu wanaimba, kwaya ya msibani, ndizi, vikombe, viumbe wenye fulana wanaruka kila sekunde na nyumba nzima inaruka nao, Radoni amenishika bega kwa upendo mkubwa ananiambia, "Saini, shemeji, saini tukae," na kalamu iko tayari mkononi mwangu, na mkono unakwenda wenyewe kwenye karatasi, na nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na wino ukagusa ile M ya Mbwambo.

Nikaamka.

Ilikuwa saa kumi na mbili na robo asubuhi. Kumekucha, majirani wanafagia. Nikakaa kitandani nikajicheka. Ndizi zenye vyeti! Nikanawa uso, nikavaa shati la kazi, nikafungua begi nililokuja nalo kutoka ofisini ili niipitie ripoti mara ya mwisho kabla ya kusaini. Vikopo vyote vilikuwa humo, kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni.

Nilichukua cha namba kumi na saba ili tu kujiridhisha. Kilikuwa kikopo. Hakikusema kitu. Nikakigeuza dirishani kwenye mwanga.

Ukingoni mwa lebo, pale gundi ilipoachia kidogo, zilikuwa zimenata chenga tatu ndogo zinazong'aa, rangi ya dhahabu.

Nilizitazama muda mrefu. Chumba cha kulala cha watu wa Kirumbi hakina kitu cha dhahabu. Lakini Mama Kajiru ana maua ya plastiki yaliyomwagiwa unga wa kung'aa, niliyaona siku ile ya chai, nikayasifia kwa adabu. Yanakaa kabatini, nyuma ya kioo.

Nikapiga simu.

"Kaka, kwema?" Naelijwa alikuwa na sauti ya usingizi. "Mbona mapema hivi?"

"Kwema. Mtoto?"

"Ananyonya. Kuna nini?"

"Kile kikopo changu mlikiweka wapi?"

Kisha nikasikia mkono umefunika simu, na minong'ono, na simu ikabadilisha mtu.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Kikopo chako si ulikichukua?"

"Nimekichukua, mama. Kilikuwa kinakaa wapi?"

"Kilikaa vizuri sana."

"Vizuri wapi?"

Akavuta pumzi. "Kabatini, pamoja na vikombe vya harusi. Naelijwa alisema nikitundike chumbani, mimi nikaona ni kukuvunjia heshima. Nani kakwambia?"

Nilipaswa kujibu kitaalamu.

"Hakuna aliyeniambia. Kosa ni langu, mama. Nilikwambia ukitunze, sikukwambia ukitundike, na sikuingia kuhakikisha. Nikaandika chumba kiko salama na sijui kama kiko salama. Nadhani hakiko. Majirani zako wote wawili wana gesi mbaya kwa mapafu, na mwamba ni mmoja. Naomba mfungue dirisha la chumba cha mzazi. Sasa hivi."

"Mtoto wa siku tisa? Na baridi hii ya asubuhi?"

"Mfunikeni shuka mbili, kofia na soksi. Mhamishieni sebuleni wakati chumba kinapata hewa. Baridi tunaijua dawa yake, mama. Hii nyingine ikishakaa kifuani miaka mingi, hatuna."

Nilisikia kandambili zake zikienda. Nilisikia blanketi likivutwa, na Naelijwa akiuliza jambo, na sauti ya Mama Kajiru ikimwambia amfunike mtoto masikio. Kisha komeo likagongwa kwa kitu kizito, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, likakataa, likagongwa tena, likalegea. Na mara simu yangu ikajaa sauti za nje. Jogoo, redio ya jirani, mtu anapita akiamkia watu.

Nilikuwa nimeshafungua ripoti kwenye magoti. Nikakata thelathini na nane kwa mstari mmoja, pembeni nikaandika: haijapimwa.

"Limefunguka," akasema Mama Kajiru, anahema. "Sasa sikiliza, mwanangu. Kikopo kingine utakileta lini?"

"Leo hii, mama, nikitoka ofisini."

"Basi njoo na nyundo yako. Sisi tutatoka nje wote, na mtoto, tukae uani. Wewe utaingia chumbani ukitundike mwenyewe."

Nikafunga ripoti.

"Umesikia?" akauliza. "Utaingia?"

"Nitaingia, mama," nikasema.